Nusu ya Kiingereza ya Hidaya

Watu wa soko la Kasongo wanamjua Hidaya kwa mambo mawili. La kwanza, mchele wake hauna mawe. La pili, yeye mwenyewe hana utulivu. Akikupimia mchele, jicho moja liko kwenye kipimo, jingine liko barabarani. Pikipiki ikipiga honi huko mbali, huuliza, "Nani ameumia?" Telefoni ikilia kwa jirani, huweka mkono kifuani kwanza, ndipo asikilize ni habari gani. Mume wake Iliasi, ambaye hununua samaki huko Nyangwe, kando ya mto, na kuwaleta Kasongo, husema kwamba kwa mahari moja tu alipata mke na mlinzi.

Jambo la tatu linajulikana nyumbani tu. Hidaya anajua Kiingereza, lakini nusu. Si nusu kama watu wanavyosema wakiwa na maana ya kidogo kidogo. Ni nusu kweli, kama kitenge ambacho dada wawili wamekikata katikati, kila mmoja akaenda na upande wake. Nusu nyingine iko kijijini Wamaza, kwa mwanamke anayeitwa Olga.

Ilianzia kwenye kinu. Hidaya alilelewa na bibi yake, Binti Assumani, katika nyumba ya matofali ya udongo yenye uwanja mpana na mti wa avoka nyuma ya jiko. Binti Assumani alinunua mpunga kwa wakulima, akauanika, akautwanga, akauza mchele. Mashine ya kukoboa ilikuwako mjini, lakini leo ina mafuta, kesho imekufa, na bibi hakuwa mtu wa kungojea chuma kipone. Kwa hiyo kila mchana, baada ya shule, kazi ilikuwa kutwanga.

Upande wa pili wa ua wa matete walikaa wazazi wa Olga, wakulima Wakristo waliotoka Wamaza ili watoto wao wasome mjini. Olga na Hidaya walikaa benchi moja shuleni, na mchana Olga alipenya uani kuja kusaidia. Wakati wa Ramadhani alibaki mpaka futari, akala uji kuliko hata waliofunga. Noeli ikifika, Hidaya alikwenda kula kwa akina Olga, na asubuhi ya siku hiyo Binti Assumani alituma mtu na kisu chake kwenda kumchinja kuku wao, ili mjukuu wake ale bila wasiwasi. Mama wa Olga alikuwa amezoea. Akimwona huyo mtu mlangoni alisema tu, "Karibu, kuku anakungoja."

Bibi alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza: mikono isikae bure. "Someni," alisema, "lakini musomee kwenye kinu. Kitabu hakipikwi." Ya pili: mwenye kinu ndiye anayepiga kwanza, na mgeni hupokea. "Mugeni akianza kutwanga kwangu, mutu anayepita ku barabara atasema humu ndani hamuna watu." Basi mchi wa kwanza ulikuwa wa Hidaya kila siku, kwa sababu kinu kilikuwa cha kwao, na wa pili ulikuwa wa Olga.

Walipoingia darasa la tatu la sekondari, Kiingereza kilianza. Mwalimu wao aliitwa Antoine, Mubangubangu kwa kabila, mtu wa Kabambare, mwembamba, mwenye baiskeli na suruali iliyofungwa kwa uzi wa mkonge mguuni ili mnyororo usiishike. Vitabu havikuwapo. Kilichokuwapo ni ubao na sauti yake. Mwaka wa pili aliwafikisha kwenye sentensi ndefu, zile zenye vipande viwili, na hapo darasa zima likapotea. Aliviita vipande hivyo kwa Kifaransa, kisha akaona macho yao, akaweka chaki chini.

"Sikieni," alisema. "Kuna kipande kinachosimama na kuna kipande kinachoegemea. Mimi nikisema, 'Tunakwenda shambani,' munaelewa?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Nimemaliza?"

"Umemaliza."

"Muzuri. Sasa nikisema, 'Mvua ikikatika...'" Akanyamaza. Akaenda dirishani, akatazama nje, akarudi, akakaa kitini, akaanza kusafisha kucha. Wanafunzi wakamngoja. Mwishowe mmoja akapiga kelele, "Mwalimu, ikikatika kitu gani?"

Mwalimu Antoine akaruka. "Ndiyo hiyo! Umeona mwenyewe imekuuma tumbo. Kile kipande hakijasimama, kinatafuta mwenziwe wa kukiegemea. Nimekufungulia mlango, halafu nimekuacha hapo kizingitini."

Siku ileile Hidaya na Olga walipeleka maneno hayo kwenye kinu. Hidaya aliinua mchi, akaushusha pamoja na kipande chake: *When the rain stops*. Olga akashusha wake: *we go to the field*. Mvua ikikatika, tunakwenda shambani. Mpunga ukaruka, wakacheka. Kesho yake wakaongeza kingine, na kesho kutwa kingine. Kwa sababu mto umejaa, mitumbwi haivuki. Ukimwona ndugu yangu, mwambie aje. Ingawa mama amechoka, anapika wali. Binti Assumani, aliyekuwa akipepeta karibu, hakuelewa hata neno, lakini alisikia mapigo yakienda vizuri, akasema Kiingereza ni lugha nzuri, inasaga.

Ile ilikuwa miezi mizuri. Hata leo Hidaya akisikia michi miwili ikipokezana mahali, moyo wake hurudi uwanjani pale: jua limelala kwenye ukuta, pumba zimeshika kwenye nywele za Olga, bibi anawafukuza kuku kwa ungo bila kuwatazama. Hakuwa na hofu ya kitu chochote wakati ule. Hofu zote alizitia mwilini baadaye.

Darasani wawili hao walikuwa wa kwanza. Mwalimu Antoine alikuwa akiuliza kwa benchi, si kwa mtoto mmojammoja, maana darasa lilikuwa limejaa. Akielekeza kidole kwenye benchi lao, Hidaya alianza, Olga alimaliza, upesi kama mate. Mwalimu aliwaonyesha wengine: "Munaona? Munaona watoto wa watu?"

Kisha mtihani wa mwisho wa mwaka wa nne ukafika, na Mwalimu Antoine akashikwa na malaria. Shule ikaleta mwalimu mwingine, kijana kutoka Kindu, mwenye miwani na haraka. Huyu aliita jina kwa jina, mmojammoja mbele ya ubao. Hidaya alisimama. Aliambiwa atoe sentensi moja ndefu, yoyote anayoipenda. Akasema kwa sauti safi, *Although my mother is tired*, akafunga mdomo.

Mwalimu akangoja. Hidaya naye akangoja. Hakuwa anafikiri, alikuwa anamngojea Olga apige, kama siku zote. Mtu wa nyuma akapiga mluzi.

"Mama yako amechoka, tumesikia," mwalimu alisema. "Halafu?"

Hakukuwa na halafu. Hidaya alitafuta kichwani, akakuta vichwa vya sentensi vimejipanga kama watu kwenye kisima, na hakuna hata mmoja mwenye miguu. Akarudi kukaa, masikio yakimwaka moto.

Olga akaitwa. Yeye naye alisimama, akatafuta pa kuanzia, hakupata. Akasema kile alichokuwa nacho, "Tunakwenda nyumbani," kwa Kiingereza kizuri kabisa.

"Nimekuomba sentensi ndefu. Hiyo ni fupi."

"Tunakwenda nyumbani," Olga akarudia.

"Basi nenda."

Na Olga, ambaye hakuwahi kujua kuona haya, akachukua kikapu chake akaenda nyumbani kweli. Darasa lilicheka mpaka mkuu wa shule akaja.

Walipata sifuri wote wawili katika Kiingereza. Jioni yake walilaumiana kidogo, wakacheka sana, wakaahidiana kwamba katika likizo kubwa watabadilishana: Olga ataanza, Hidaya atamaliza. Binti Assumani akakataa. Kinu ni chake, alisema, na yeye hajafa. Wakasema watatafuta kinu kingine. Lakini likizo ile ilikuwa ya mwaka wa tisini na nane, na kabla haijaisha vita ilikuwa imefika. Wazazi wa Olga walifunga vyombo, wakarudi Wamaza kwa miguu pamoja na watu wengine wengi. Shule ikafungwa. Ilipofunguliwa, Hidaya alikuwa tayari mke wa Iliasi, na tumbo liko mbele.

Miaka ilikwenda hivyo. Binti Assumani alikufa, kinu kikabaki kwa Hidaya. Salamu za Olga zilikuja na wafanyabiashara wa karanga: ameolewa, amezaa, mume amefariki, shamba liko salama. Hidaya naye alirudisha salamu na kipande cha sabuni. Hawakuonana.

Kilichowakutanisha ni Aziza, binti wa Hidaya, mtoto wake wa mwisho. Aziza alikuwa amefika mwaka wa mwisho wa sekondari, akaingia katika mtihani wa Serikali, akaanguka. Masomo mengine yalikuwa hivi na hivi, lakini siku ya lugha aliiona karatasi ya Kiingereza, akaweka kalamu chini. Akarudia mwaka. Sasa mtihani ulikuwa unakaribia tena, na Hidaya, ambaye hufua nguo za watu wote nyumbani, aliona vitenge viwili vya Aziza haviji tena kwenye kufua. Akavitafuta. Vilikuwa vimekunjwa ndani ya mfuko wa safari, chini ya kitanda, pamoja na kandambili mpya.

Alijua mara moja. Binamu ya Aziza, Asma, alikuwa amekwenda Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu, kuuza chakula kwa wachimbaji. Alirudi sikukuu na telefoni kubwa na nywele za kununua. Hakusema huko analala wapi, na Hidaya aliona kwamba hakusema.

"Ni nini hii?" aliuliza, mfuko uko mkononi.

Aziza hakuficha. "Mama, nitasoma mpaka likizo ya Pasaka. Kama bado sielewi, siingii tena katika mtihani. Nitamufuata Asma."

"Salamabila?"

"Wasichana wengi wako kule."

"Wasichana wengi wako kule, na mama zao wako wapi? Si wako hapa, hawalali?"

"Weye hata nikiwa chooni haulali."

Hidaya alitaka kumpiga, akakaa chini. Kisha akauliza, "Mu ile Anglais, ile Kiingereza yenu, ni kitu gani kinakushinda?"

Aziza alikuwa amekunja uso, lakini swali lile hakuwahi kuulizwa vizuri na mtu. "Sentensi ndefu," alisema. "Zinaingia kama wageni wengi mara moja mulangoni. Sijui nani ni mukubwa wao nimusalimie kwanza. Nikikosea mukubwa, nimekosea wote."

Hidaya aliposikia hivyo akanyanyuka, akaenda kwenye kinu, akatia mpunga, akampa mchi. "Mimi naanza," alisema, "weye unamaliza." Akapiga kipande chake cha kwanza, kile cha mvua. Aziza akaduwaa; hakuwahi kumsikia mama yake akisema neno la Kiingereza. Akauliza, "Halafu?" Na Hidaya, mchi uko juu, akakumbuka kwamba halafu haiko kwake. Mama na mtoto wakabaki wamesimama na michi hewani kama watu wanaotishiana. Jirani yao, Mama Consolée, akauliza juu ya ua kama aje kuwaamua.

Wiki ile Hidaya alimtuma dereva wa pikipiki wa Wamaza na neno: Olga, bado unayo nusu yako? Dereva alirudi na jibu: aje, na asije mikono mitupu, alete chumvi na sabuni.

Walikwenda mwanzoni mwa likizo, pikipiki moja, Aziza katikati na Hidaya nyuma, amemshika mtoto kiunoni kama mzigo wa sahani. Njia ilikuwa matope. Mara mbili walishuka wakatembea, na kwenye daraja la magogo Hidaya alivuka akiwa amefumba macho, akisoma dua, mpaka Aziza akamwambia kwamba wamefika ng'ambo zamani.

Olga alikuwa uwanjani, anaanua karanga. Alikuwa amekonda, meno mawili ya mbele hayapo, na kicheko kilikuwa kilekile.

"Hidaya! Umenenepa kama mke wa shefu wa kijiji!"

"Na weye umekauka kama samaki. Iliasi akikuona atakutia mu kapu, akuuze."

"Anipime kwanza, nisiuzwe bei ya chini." Wakashikana, wakalia, wakacheka, chumvi ikaanguka. Kisha Olga akamgeukia Aziza. "Ni huyu anayewaogopa Waingereza? Walikufanya nini, mwanangu? Hapa hawajawahi kufika hata mumoja."

Aziza alisalimu kwa kupiga magoti kidogo, halafu akaenda kukaa peke yake, akiinua telefoni huku na huku kutafuta mtandao ambao haukuwapo.

Jua lilipoinama, wale wawili wakaenda kwenye kinu. Hidaya akashika mchi, akauinua. Olga akamzuia mkono.

"Wapi? Kinu ni cha nani?"

"Chako."

"Basi?"

"Olga, usinichezee. Mimi ndiye niko na mianzo."

"Binti Assumani alinikatalia miaka yote ile. Leo niko kwangu, mugeni ataanza? Watu watasema hapa hamuna mutu."

Hakuwa anatania kabisa. Alimsogeza Hidaya, akainua mchi wake, akaushusha pamoja na kile alichokuwa nacho: *we go to the field*. Tunakwenda shambani. Hidaya alikuwa nyuma yake tayari, mikono haikungoja kichwa, na mdomo ukaitika wenyewe: *when the rain stops*. Mvua ikikatika.

Wakatazamana. "Imeharibika," Hidaya alisema.

"Haijaharibika," sauti ikasema nyuma yao. Ilikuwa Aziza, telefoni imeshuka mkononi. "Rudieni."

Wakarudia. Tunakwenda shambani mvua ikikatika.

"Iko sawa," Aziza alisema polepole. "Inaweza kuja nyuma. Mwalimu alituambia, nikaandika tu. Iko sawa vilevile." Akasogea. "Hiyo ya Mama Olga inasimama popote. Ya mama ndiyo inayozunguka."

"Umesikia?" Olga alimwambia Hidaya. "Yangu inasimama. Yako inazunguka, kama mwenyewe."

Wakaendelea, na hapo wakaanza kukosea. Vipande vilikuwa vimechanganyika kwa miaka mingi. Olga alisema mitumbwi haivuki, Hidaya akaitikia ingawa mama amechoka. Olga alisema anapika wali, Hidaya akaitikia kwa sababu mto umejaa. Wao waliona ni sawa tu, mapigo yalikuwa mazuri. Aziza alishika kiuno kwa kucheka, halafu akakasirika.

"Muto umejaa, mutu anapika wali, ina maana gani? Mama, weka mchi chini. Wote wawili wekeni. Nani mukubwa hapa? Anayesimama peke yake. Mumusalimie huyo kwanza. Halafu muulizeni yule mwingine amekuja kufanya nini: analeta wakati, analeta sababu, ao analeta 'kama'? Kama hana kazi na mukubwa, arudi kwao."

Alisema hivyo na akasikia alichosema. Hidaya, ambaye hakosi kumtazama, aliona uso wa mtoto ukibadilika, kama mtu aliyepapasa ukuta gizani akakuta mlango.

Siku zilizofuata Aziza akawa mwalimu wao. Alikuwa mkali. Aliwafundisha nusu ambazo hawakuwa nazo: Olga aanze na "kwa sababu", Hidaya asimamishe kipande bila kuegemea. Olga alijifunza upesi na kuringa. Alisema sasa atatafuta Mwingereza wa kumtukana. Hidaya alishindwa. Kila alipofika mwisho wa kipande chake alinyamaza, anamtazama Olga.

"Usimutazame Mama Olga," Aziza alisema. Ilikuwa siku ya mwisho, asubuhi, dereva alikuwa ameahidi kuja. "Tafuta yako. Usichukue ya mvua, hiyo ni ya watu wote. Sema kitu chako mwenyewe."

Hidaya aliinua mchi. Alifikiri sana. Akaanza kwa Kiingereza, neno moja moja, Aziza akimsaidia kidogo: kama binti yangu akienda Salamabila. Akaushusha mchi. Halafu akakwama. Olga alifungua mdomo amalizie, kwa mazoea, kisha akaufunga.

"Mimi sitalala," Hidaya alisema kwa Kiswahili. "Sijui wanasemaje. Mimi sitalala tu."

Aziza alitazama ndani ya kinu. Mpunga ulikuwa umekwisha kuwa mweupe, haukuhitaji kutwangwa tena. Kwa mbali pikipiki ikasikika inapanda kilima, na kwa mara ya kwanza Hidaya hakuuliza nani ameumia.

"*I will not sleep*," Aziza alisema. "Sema, mama."

Hidaya akasema.

"Yote. Toka mwanzo."

Akasema yote, toka mwanzo mpaka mwisho, peke yake. Olga hakupiga makofi. Alichukua ungo, akaanza kupepeta, akiwa amewapa mgongo.

Waliporudi Kasongo, Aziza alitoa vitenge vyake ndani ya mfuko akavitia kwenye nguo za kufua, na Hidaya alivifua bila kuuliza. Mtihani ukaja. Siku ya lugha Hidaya hakwenda sokoni. Alikaa kwenye jiwe mbali kidogo na lango la shule, kitenge kichwani, akijifanya anamngojea mtu wa deni la mihogo. Aziza alitoka wa mwisho. Alipoulizwa alisema, "Niliandika, mama. Karatasi nzima niliandika."

Matokeo yalikuja kwa telefoni, mchana wa jua kali. Mama Consolée ndiye aliyepiga kelele kwanza, kwa sababu mtoto wake alikuwa na mtandao. Asilimia hamsini na tatu, amefaulu. Poda ikaanza kumwagika, kama desturi mtoto akifaulu: kichwani kwa Aziza, mabegani, kwenye sufuria ya sombe ya majani ya mihogo, kwenye ndevu za Iliasi aliyekuwa ametoka kuoga. Watoto wa jirani walikimbia kununua poda nyingine dukani kabla haijaisha. Hidaya alikuwa mweupe mpaka kope.

"Na Anglais?" aliuliza katikati ya kelele. "Anglais imepata ngapi?"

"Hawaonyeshi, mama. Wanatoa ile moja tu ya yote."

"Hakuna mutu tunayeweza kumuuliza?"

"Hakuna."

Lilimwudhi kidogo jambo lile, na mpaka leo linamwudhi.

Jioni, wageni walipopungua, alimkalisha Aziza kwenye kiti kifupi, akaanza kumtoa poda nywele kwa kitambaa chenye maji. Alikuwa anachagua maneno.

"Ya Salamabila imekwisha?"

"Imekwisha."

"Al-hamdulillahi."

"Nataka kwenda Kindu," Aziza alisema. "Kusomea kufundisha. Kiingereza."

Kitambaa kikasimama. Kindu ilikuwa mbali kuliko Salamabila. Ilikuwa na mto mkubwa, na pikipiki nyingi, na watu asiowajua majina. Iliasi, aliyekuwa amekaa mlangoni akijipukuta poda, alimtazama mke wake na kungoja kilio. Hidaya hakulia. Alikamua kitambaa, akarudi kwenye nywele, akaanza kuhesabu kwa sauti ndogo watu wa ukoo walioko Kindu: huyu amehama, huyu nyumba yake ina vijana wengi wa kiume, huyu mke wake ana maneno. Akafika kwa shangazi mmoja wa Iliasi, mjane, anayekaa karibu na msikiti, anayefunga mlango wa uwanja mapema.

"Huyo," alisema. "Iliasi, kesho unashuka Nyangwe?"

"Nashuka."

"Lete samaki wa kumupelekea shangazi yako. Wakubwa, wa kukaushwa vizuri. Mutoto asifike kwa watu kama mutu aliyetupwa." Akainamisha kichwa cha Aziza mbele, afute shingo. "Na uulize ni nani mwenye mutumbwi wa kwenda Kindu anayeendesha pole."